Kemo baada ya upasuaji wa saratani ya tumbo: jinsi ya kuamua, kuanza mapema na kuimaliza

"Si wametuambia uvimbe wote umetoka? Sasa kemo ya nini tena?"

Swali hili nalisikia karibu kila siku ya kliniki, na mara nyingi mwulizaji si mgonjwa. Ni mtoto wake mkubwa, yule anayebeba faili na kufuatilia bima, na huliuliza kwa sauti ya chini mgonjwa akiwa ameketi kwenye benchi nje. Mimi ni muuguzi wa saratani hapa Moshi. Kazi yangu ni kutundika dripu za kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, na kukaa na watu mpaka ziishe. Nawaandikia ninyi mnaobeba faili, kwa sababu mengi yanayoamua kama dawa hii itafanya kazi yanatokea mikononi mwenu, nyumbani, kabla hamjafika kwetu.

Daktari wa upasuaji hutoa kile anachokiona na kukishika. Chembe za saratani zilizokwisha kuchoropoka na kuingia kwenye tezi, kwenye damu au kwenye utando wa ndani ya tumbo hazionekani kwa macho, wala picha ya CT haizioni. Hizo ndizo zinazorudisha ugonjwa, na mara nyingi unarudi ndani ya miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Kemo ya baada ya upasuaji inazilenga hizo. Inasaidia, na ushahidi upo. Ila haimsaidii kila anayeitumia, na asiye na sababu ya kuitumia haimfai kitu. Kwa hiyo tuanze na karatasi.

Majibu ya nyama kwanza

Uvimbe ukishatolewa unawekwa kwenye kopo lenye fomalini na kupelekwa maabara ya patholojia. Katika hospitali nyingi kwetu, ndugu ndiye anayekabidhiwa kopo hilo pamoja na fomu, aende akalipie. Lipeleke siku hiyohiyo. Nimewaona watu waliokaa na kopo nyumbani wakichangishana kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, huku wiki zinakwenda. Kabla ya kutoka nalo wodini angalia mambo haya: nyama imezama kabisa ndani ya fomalini, na jina na namba ya faili vimeandikwa ubavuni mwa kopo. Vikiwa kwenye kifuniko peke yake havitoshi, maana vifuniko hubadilishana mezani.

Majibu yatarudi kwa Kiingereza, na mahali pa kutazama ni pale penye herufi T, N na M. T ni kina: uvimbe umechimba ukuta wa mfuko wa chakula kufikia wapi. N ni tezi: ni ngapi zilizo jirani zina saratani. M ni kama umesambaa kwenye viungo vya mbali. Tuseme umeona pT3 N2 M0, na pembeni pameandikwa 4/18. Maana yake uvimbe umepenya karibu ukuta wote, mtaalamu alikagua tezi 18 akakuta saratani kwenye 4, na hakuna dalili ya kusambaa mbali. Hiyo ni hatua ya tatu, na mgonjwa wa namna hiyo ndiye hasa ambaye kemo inamhusu.

Namba inayokuja baada ya mkwaju, kama ile 18, watu huipita haraka, nami naomba uisimamie. Wataalamu wanataka angalau tezi 16 zikaguliwe. Karatasi ikisema 0/20, unaweza kupumua. Ikisema 0/3, hiyo sifuri haijakuambia kitu, kwa sababu tezi zilizobaki hakuna aliyezitazama. Muulize daktari moja kwa moja: "Tezi zilizokaguliwa ni chache, je, tumchukulie kama mtu ambaye tezi zake ni salama?" Ni swali la haki na daktari mzuri halikasirikii.

Tazama pia kama kingo za nyama ni safi, yaani pale mkasi ulipopita hapana saratani. Na kama maabara wamepima kile wanachokiita MSI au MMR, yaani kama chembe za uvimbe zimepoteza uwezo wa kurekebisha makosa ya vinasaba, omba ufafanuzi. Uchunguzi uliorudiwa kwa wagonjwa wa majaribio makubwa umeonyesha kwamba wenye uvimbe uliopoteza uwezo huo (karatasi huandika MSI-high au dMMR) hupata faida ndogo sana kwenye kemo ya kawaida, ingawa wao wenyewe kwa ujumla huenda vizuri baada ya upasuaji. Maabara nyingi hawakipimi bila kuombwa.

Faida yenyewe ni kiasi gani

Hapa ndipo ndugu hutaka neno moja: inaponya au haiponyi? Siwezi kukupa neno moja, lakini naweza kukupa namba, na namba hizi nimeona zikiwatuliza watu kuliko maneno ya kubembeleza.

Japani walichukua wagonjwa 1,059 wa hatua ya pili na ya tatu waliokwisha kufanyiwa upasuaji kamili. Nusu walipewa vidonge vinavyoitwa S-1 kwa mwaka mmoja, nusu hawakupewa kitu. Baada ya miaka 5, katika kila watu 100 waliomeza dawa, 72 walikuwa hai. Kwa wale ambao hawakumeza, 61. Jaribio jingine lilifanyika Korea Kusini, China na Taiwan kwa wagonjwa 1,035, kwa dawa ambazo sisi ndizo tunazotumia zaidi: vidonge vya kapesitabini pamoja na dripu ya oksaliplatini, mizunguko 8 katika miezi 6. Baada ya miaka 5 walio hai walikuwa 78 kwa 100 waliotibiwa, na 69 kwa wale waliobaki na upasuaji peke yake.

Zisome hivi. Chukua wale 100 wa Japani. 61 wangeishi hata bila dawa. 28 walifariki pamoja na kumeza dawa. Wanaobaki ni kama 11, ambao wako hai kwa sababu ya dawa. Hakuna daktari anayeweza kukuonyesha kwa kidole kwamba mzee wako ni wa kundi lipi, na ndiyo maana wote 100 wanapewa. Mtu akikuambia kemo "haifanyi kitu, fulani alichomwa akafa," anamzungumzia mmoja wa wale 28. Akikuambia jirani yake alikataa kemo na bado analima, anamzungumzia mmoja wa wale 61. Wote wawili wanasema kweli, na bado wale 11 wapo.

Mwaka 2010 watafiti waliunganisha majaribio 17 yenye wagonjwa 3,838, mengi yakiwa ya dawa za zamani, wakakuta walio hai baada ya miaka 5 ni kama 55 kwa 100 wenye kemo dhidi ya 50 wasio na kemo. Faida ni ndogo zaidi lakini inaelekea upande uleule. Nayataja haya ili usiahidiwe zaidi ya kilichopo. Halafu kumbuka wale wa Japani na Korea walipasuliwa na madaktari wanaotoa tezi kwa upana mkubwa, upasuaji unaoitwa D2, na walikuwa watu wenye nguvu. Wagonjwa wetu wengi wanafika wakiwa wamekonda, wameshatibiwa vidonda vya tumbo miezi kadhaa bila kumulikwa tumbo kwa kamera. Nafasi yao ya kuishi, hata kabla ya kuhesabu dawa, ni ndogo kuliko hizo.

Ushauri wangu, kwa niliyoyaona: hatua ya pili na ya tatu, mgonjwa anatembea mwenyewe na anakula, kemo inastahili gharama na taabu yake. Hatua ya kwanza kabisa, uvimbe mdogo wa juujuu na tezi safi, upasuaji unatosha na usishawishike kuongeza dawa "kwa usalama". Ikiwa ugonjwa umeshafika kwenye ini au mapafu, kemo bado inaweza kutolewa, lakini hapo lengo ni kurefusha maisha na kupunguza maumivu, na familia inatakiwa kuambiwa hivyo wazi.

Mionzi je? Jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka 2001, la watu 556, lilionyesha kwamba kuunganisha kemo na mionzi baada ya upasuaji kulisogeza maisha ya mgonjwa wa katikati, yaani muda ambao nusu ya wagonjwa waliufikia au kuupita, kutoka miezi 27 hadi 36. Lakini ni mmoja tu kati ya kumi kwenye jaribio lile aliyepata upasuaji wa D2. Kwa hiyo mionzi inakuwa na hoja zaidi pale tezi zilipotolewa kidogo au kingo hazikuwa safi. Daktari akiitaja, muulize ni kwa sababu ipi kati ya hizo, maana inaweza kumaanisha safari ya kwenda hospitali yenye mashine za mionzi, kama ile ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na kukaa huko wiki kadhaa.

Hesabu wiki tangu siku ya upasuaji

Majaribio yote mawili ya Asia yalianza dawa ndani ya wiki 6 baada ya upasuaji. Wiki ya nane si ukuta, lakini kila unapozidi kuchelewa faida inapungua. Na wiki 6 zinaisha haraka: wiki mbili za kidonda kupona, mbili au tatu za kusubiri majibu ya nyama, halafu kibali cha bima.

Kwa hiyo usisubiri jambo moja liishe ndipo uanze jingine. Siku mgonjwa anaruhusiwa kutoka wodini, omba barua ya rufaa ya kliniki ya saratani hapohapo, hata kama majibu ya nyama hayajarudi. Wakati kopo liko maabara, wewe uko kwenye dirisha la bima unauliza kama kapesitabini na oksaliplatini zimo kwenye kitita chake na ni karatasi gani zinatakiwa. Kama hana bima, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema. Wengi humkumbuka siku ya dripu, wakati pesa imeshapungua.

Kuna jambo la kujua kama upasuaji bado haujafanyika. Uingereza walifanya jaribio la kutoa kemo kabla na baada ya upasuaji, kwa watu 503. Walio hai baada ya miaka 5 walikuwa 36 kwa 100 dhidi ya 23. Lakini kati ya 250 waliopangiwa kemo, ni 137 tu walioweza kuanza ile ya baada ya upasuaji. Waliobaki walishindwa kwa udhaifu, ugonjwa kuendelea au kukataa. Ndiyo maana siku hizi madaktari wengi hupenda kutanguliza sehemu ya dawa, na Wajerumani wana mpango wa dripu nne kabla na nne baada, unaoitwa FLOT, ambao umezidi ule wa Uingereza. Ikiwa mzee wako bado hajapasuliwa, uliza: "Je, aanze kemo kwanza?"

Kabla ya dripu ya kwanza

Mletee daktari dawa zote anazotumia, zikiwa kwenye mfuko wake, usizitaje kwa kumbukumbu. Nasisitiza moja inayonunuliwa duka la dawa bila cheti: fefo, ile ya kuongeza damu. Ndani yake mna asidi ya foliki, na asidi ya foliki inaweza kuzidisha ukali wa kapesitabini, mgonjwa akaharisha na kupata vidonda mdomoni kuliko kawaida. Ndugu huinunua kwa upendo kwa sababu mgonjwa amepauka. Acha daktari ampime na kumpa chuma cha aina nyingine. Dawa ya kuyeyusha damu, wafarini, nayo hugombana na kapesitabini mpaka mtu akatokwa damu, na ya kifafa, fenitoini, inaweza kupanda kwenye damu. Anayetumia ARV asiache hata siku moja, ila aseme. Mwenye historia ya moyo aseme. Mizizi, muarobaini na unga wa mitishamba uliochanganywa viwekwe pembeni mpaka dawa ziishe; ini lina kazi ya kutosha.

Kama mgonjwa ni wa umri wa kuzaa, mimba isiingie katika kipindi hiki, awe mwanamke au mwanamume. Waulizeni wauguzi njia, hatuoni aibu.

Nunueni kipimajoto. Cha bei ya chini kinatosha. Nitaeleza kwa nini.

Siku yenyewe

Damu hupimwa siku hiyo au siku moja kabla: kipimo kinachoandikwa FBP, pamoja na figo na ini. Kama chembe nyeupe au chembe za kugandisha damu zimeshuka, dripu itasogezwa wiki moja. Msione mmerudishwa bure. Tukiitoa hivyohivyo tunamhatarisha.

Uzito na urefu hupimwa kwa sababu dozi inakokotolewa kutoka hapo. Avue makoti na viatu. Uzito ukiwa umeshuka sana tangu mzunguko uliopita, dozi inakokotolewa upya.

Kwanza tunatoa dawa ya kuzuia kutapika, kwa kawaida ondansetroni na deksamethasoni. Halafu oksaliplatini, kwa muda wa saa 2 hivi. Sisi huichanganya na dekstrosi 5%, kamwe si maji ya chumvi, kwa kuwa chumvi huiharibu. Ukisikia muuguzi anarudi kuhakikisha chupa, anafanya kazi yake. Mgonjwa akihisi mshipa unachoma, mkono unavimba, kifua kinabana au mwili unawasha, aseme papo hapo. Wazee wetu huvumilia kimya ili wasitusumbue, na mimi huwaambia: "Mzee, leo ukinyamaza ndipo unanisumbua."

Wiki tatu za nyumbani

Kapesitabini inamezwa asubuhi na jioni kwa siku 14, ndani ya dakika 30 baada ya kula, kwa maji. Halafu siku 7 za kupumzika, ndipo mzunguko mwingine. Andikeni kwenye kalenda ya ukutani siku ya kuanza na siku ya kuacha. Akisahau dozi, asimeze mbili kwa pamoja.

Oksaliplatini inachukia baridi. Kwa siku kadhaa baada ya dripu, mgonjwa akigusa kitu cha baridi vidole vinachoma na kufa ganzi, akinywa maji ya baridi koo linabana kana kwamba pumzi imekatika. Watu wa Kibosho, Machame na Marangu mnanielewa: Juni na Julai, maji ya bomba alfajiri ni kama barafu. Mpasheni maji ya kunawa na ya kunywa, avae soksi na glavu, afunike mdomo kwa skafu akitoka nje asubuhi. Koo likibana, anywe kitu cha vuguvugu polepole na litaachia. Likiambatana na uvimbe wa uso au vipele, hiyo ni mzio, nendeni hospitali.

Ganzi ya baridi hupita. Ganzi inayobaki kati ya dripu na dripu ndiyo ya kuitazama. Kila kabla ya kuja kliniki, mwambie afunge vifungo vya shati mwenyewe. Akishindwa, au akiona viatu vinamtoka miguuni bila kujua, mwambie daktari kabla dripu haijatundikwa. Anaweza kupunguza oksaliplatini au kuiondoa kabisa na kuendelea na vidonge. Mtu akificha ili "amalize dozi", anaweza kubaki na ganzi miaka.

Kapesitabini nayo hukaa viganjani na kwenye nyayo: ngozi inakuwa nyekundu au nyeusi zaidi, inauma, inapasuka. Mpakeni mafuta mazito asubuhi na usiku, avae viatu laini, aepuke maji ya moto sana. Jembe na panga vikae pembeni kwa wiki hizo, hata kama migomba inalia. Msuguano wa mpini ndio unaochana ngozi.

Vidonge visimamishwe na mpige simu kliniki bila kusubiri tarehe ikiwa anaharisha mara nne au zaidi kuliko kawaida yake kwa siku, au anaamka usiku kuharisha. Ikiwa vidonda vya mdomo vinamzuia kula. Ikiwa anatapika na hakibaki kitu tumboni. Maumivu ya kifua: acha vidonge, nenda hospitali saa hiyohiyo. Kusimamisha siku chache hakuharibu tiba. Kuendelea kumeza juu ya kuhara ndiko kunakoua.

Sasa kipimajoto. Joto likifika nyuzi 38, usiku au mchana, hospitali. Asimeze Panado na kulala, kwa sababu itashusha joto na kuficha hatari. Kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi kinga huwa chini, na maambukizi madogo yanaweza kumwangusha mtu ndani ya saa chache. Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, na kituo cha afya cha jirani wanaweza kumpima malaria, wakampa dawa na kumrudisha nyumbani. Kwa hiyo neno la kwanza mlangoni liwe: "Yuko kwenye kemo." Ombeni FBP ifanyike usiku huohuo. Wekeni kwenye pochi yake karatasi yenye majina ya dawa, tarehe ya dripu ya mwisho na simu ya kliniki, ili hata aliyemleta akiwa jirani ajue la kusema.

Kwa saa 48 baada ya dripu, anayesafisha matapishi au choo avae glavu. Mjamzito asishike vidonge.

Kula, na hapa sitaharakisha

Wanaoshindwa kumaliza kemo baada ya kutolewa mfuko wa chakula, wengi wanashindwa kwa kukonda. Kwa hiyo chakula ni sehemu ya tiba yenyewe.

Mzee mmoja wa Kibosho, aliyetolewa mfuko wote, alikuja kwa mzunguko wa pili na binti yake. Binti alikuwa na chupa ya chai iliyojaa uji wa lishe, mtamu, umewekewa sukari ya kutosha na karanga. Alimsimamia baba akanywa vikombe viwili vikubwa, "upate nguvu ya dawa, baba." Haikupita nusu saa mzee akaanza kutoka jasho paji zima, moyo unakimbia, macho yamelegea, anataka kulala chini. Binti akanivuta mkono: "Dada nesi, dawa imemshinda, ichomoeni!" Nikamwonyesha kanula, kile kijibomba cha mshipani. Ilikuwa imefungwa. Dripu ilikuwa bado iko mezani.

Ilikuwa uji. Mfuko wa chakula ukiwa haupo, kitu kitamu na cha majimaji kinashuka chote kwa mara moja kwenye utumbo mwembamba, utumbo unavuta maji kutoka kwenye damu, mtu anatoka jasho na kizunguzungu. Anaweza pia kupata awamu ya pili saa moja hadi tatu baadaye, sukari ya mwili inaposhuka, akatetemeka. Tulimlaza, ikapita. Mzunguko uliofuata binti alikuja na yai la kuchemsha, kipande cha ndizi na kikombe kidogo cha uji usio na sukari, akampa kidogokidogo. "Shikamoo mzee, leo vipi?" "Marahaba mwanangu. Leo nimekula kama ndege, lakini nimekula." Aliendelea vizuri na mizunguko yake.

Mpango ni huu: mara sita kwa siku au zaidi, kidogo kila mara, ukubwa wa kiganja. Kila mlo uwe na protini: yai, samaki, maharage yaliyolainishwa, nyama ya kusaga, dagaa waliotwangwa. Maji na chai viwe mbali na mlo, nusu saa kabla au baada. Sukari, soda, juisi ya pakiti na asali vipungue sana. Mtori ni mzuri kweli kwa mgonjwa huyu, lakini upikeni mzito, nyama isagwe ndani, na apewe bakuli dogo. Mtori mwepesi bakuli kubwa utafanya yaleyale ya uji. Atafune mpaka chakula kilainike kabisa. Akimaliza kula aegemee, asilale chali. Mbege na pombe nyingine hapana.

Mpimeni uzito kila wiki kwa mzani uleule na mwandike. Ukishuka wiki mbili mfululizo, msingoje kliniki.

Aliyetolewa mfuko wote anahitaji sindano ya vitamini B12 maisha yake yote, kwa kuwa bila mfuko utumbo hauwezi kuivuta. Akiba iliyo kwenye ini huweza kudumu miaka, kwa hiyo upungufu huja kimyakimya, wakati kila mtu ameshasahau upasuaji: miguu inakufa ganzi, kumbukumbu inapungua, damu inashuka. Familia ikadhani ni uzee. Ulizeni ratiba ya sindano kabla kemo haijaisha.

Dozi ikipunguzwa, au ikibidi kuacha

Kwenye jaribio la Korea, China na Taiwan, 67 kati ya 100 ndio waliomaliza mizunguko yote 8, na hao walikuwa watu wenye nguvu waliochaguliwa. Faida niliyoitaja juu ilipatikana pamoja na wale ambao hawakumaliza. Kwa hiyo daktari akipunguza dozi mzunguko wa tatu, au akisogeza wiki moja, tiba bado inaendelea. Ninachokiogopa mimi ni mgonjwa anayepotea baada ya mzunguko wa pili kwa sababu alitapika sana na hakuna aliyetuambia. Dawa za kuzuia kutapika ziko za aina nyingi. Rudini mseme.

Na akiwa amebaki mifupa, hatoki kitandani, mizunguko miwili imemwangusha licha ya kupunguzwa dozi, kuacha ni uamuzi halali wa kitabibu. Mgonjwa mwenyewe aulizwe, faragha, si mbele ya ukoo mzima. Nimewasikia wazee wakisema "naendelea" kwa sababu watoto wameuza ng'ombe.

Mizunguko ikiisha, kliniki ni kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha kwa nafasi kubwa zaidi mpaka mwaka wa tano. Waje kabla ya tarehe ikiwa uzito unashuka bila sababu, chakula kinakwama, tumbo linajaa maji, au macho yanakuwa ya manjano. Waliobakiwa na sehemu ya mfuko waulize pia kuhusu kupimwa na kutibiwa H. pylori, bakteria wa mfuko wa chakula anayechangia saratani hii. Ndugu wa damu, hasa wenye maumivu ya tumbo ya muda mrefu, wapimwe vilevile, na anayetapika damu, anayepata choo cheusi au anayekonda amulikwe tumbo wiki hiyohiyo badala ya kuongezewa dawa za vidonda.